Herufi Kumi na Moja za Shaba

14 Januari

Mwanangu Sekunde,

Barua yako ya mwaka jana ilifika. Niliiweka chini ya mto nikisema nitaijibu kesho, na kesho zikawa nyingi. Nisamehe. Sisi hatujambo, kwa kadiri watu wa umri wetu wanavyoweza kutojambo. Bibi yako magoti yanamsumbua lakini mdomo uko imara; jana kamwambia muuza maziwa kwamba maziwa yake yamejifunza kuogelea. Anakusalimu sana na anauliza kama umenenepa. Nikimjibu sijui, ananuna, kwa hiyo huwa namwambia umenenepa. Usije ukaniumbua.

Mimi bado nakata vibao. Siku hizi watu wanataka vya plastiki vyenye taa ndani, vinavyotoka kwenye mashine kabla hujamaliza chai, ila wapo wachache wanaopenda herufi iliyokatwa kwa msumeno ikasuguliwa kwa tupa. Mmoja ni mng'oa meno aliyehamia mtaani kwetu. Alikuja na karatasi yenye maneno manane ya Kiingereza. Nikaenda kumpimia ukuta. Kati ya dirisha na mlango zinaingia herufi tano. Ya sita itabidi ining'inie barabarani. Sasa amekubali neno moja tu la Kiingereza, la herufi tano, linalohusu kazi yake.

Shida ni kwamba Kiingereza nakijua kwa umbo tu, kama mtu anayewajua majirani kwa sura na si kwa majina. Na herufi ninazo tayari, za shaba, kimo cha shubiri, sitaki kukata nyingine. Nina T mbili, O mbili, H moja, R moja na C moja. Nikaukumbuka ule mchezo wenu wewe na baba yako, marehemu kaka. Akishafunga mgongo wa saa aliyoitengeneza anailaza mezani aone kama inatembea sawasawa, kisha anakwambia, "Herufi tano, T na H ziwemo," na wewe una mzunguko mmoja wa mshale wa sekunde kulitaja neno. Mimi ndiye nilikuwa mwamuzi, nisiyejua hata goli liko upande gani.

Nitafutie neno hilo. Kuhusu duka la baba yako tutazungumza siku nyingine, karatasi inakwisha.

Baba yako mdogo


9 Februari

Baba mdogo,

Shikamoo, na shikamoo ya bibi umfikishie akiwa amekaa, asije akainuka kwa ajili yangu. Mwambie nimenenepa mashavu tu, hapo atatosheka. Afya yangu nzuri. Kazi ipo, inakwenda.

Umenifurahisha. Nilisimama palepale mlangoni na bahasha mkononi nikaanza kuhesabu kama vile baba ananitazama juu ya ile lenzi yake ya jichoni. Neno la kwanza lilinijia kabla ya sekunde ya kumi: TOOTH, yaani jino. Linamaliza T zako zote mbili, O zote mbili na H. La pili lilikuja mshale umefika kwenye nane: TORCH, tochi. Mng'oa meno naye anahitaji tochi ya kumulika huko ndani, lakini mgonjwa akisoma tochi atakuja kutafuta betri. Mpe jino.

Unakumbuka nilivyokuwa nikichelewa unavyopiga meza na kusema "Kwisha!" hata kama neno ulikuwa hulijui? Baba alikuwa anasema wewe ndiye mwamuzi pekee duniani asiyeweza kuhongwa, kwa sababu hujui unachoamua.

Na duka je? Bado unalifagia kila Ijumaa? Ile saa ya ukutani unaijaza? Usiache vumbi liingie kwenye droo za skrubu ndogo, baba alikuwa akiziita mbegu zake. Mwishoni mwa mwaka huu, Mungu akijalia, narudi niufungue ule mlango. Najua nilisema hivyo mwaka juzi na mwaka jana.

Mwanao,
Sekunde


2 Mei

Mwanangu,

Usihesabu miezi. Nilijikata kidole gumba na msumeno, si sana, ila kalamu ilikuwa haishikiki. Kimepona. Bibi yako magoti yanampa nafuu asubuhi na kumnyima mchana. Yale mashavu yako ameyapokea kwa furaha na ameshawatangazia majirani wote, kwa hiyo hayo ni ya kuyatunza.

Jino limepanda ukutani. Nililisugua kwa majivu na ndimu mpaka mng'oa meno akajiona humo akichana nywele. Nilimpeleka bibi yako akalitazame, nikamweleza maana yake. Akasimama, akaegemea fimbo, akauliza, "Jino moja tu? Mengine ameshayang'oa?" Mng'oa meno alicheka kwa adabu. Mke wake ndiye alinisumbua kidogo. Aliona O ya pili ina kidonda chini, kama imebonyezwa na kitu, akataka niibadilishe. Nikamwambia hilo ni kovu la utoto na kovu la utoto halitibiki. Akaniacha.

Sasa nina mteja mwingine. Ni mama anayechapa kadi, za harusi, za misiba, za watoto kuzaliwa, mashine yake moja inakula karatasi usiku na mchana. Juu ya dirisha lake pana ubao mfupi, zinakaa herufi nne tu. Nilizonazo ni A moja, D moja, C mbili ukihesabu na ile ya mwanzo, na ile R iliyobaki. Utaona mwenyewe.

Uliuliza saa ya ukutani. Inatembea. Inakosea dakika mbili kwa wiki, vilevile kama zamani, na kila Jumapili nairudisha kwenye mstari.

Baba yako mdogo


25 Mei

Baba mdogo,

Shikamoo. Kidole kimepona kweli, au unanidanganya kama unavyomdanganya bibi? Huku mvua zimeshika kasi, nguo hazikauki, lakini mwili mzima. Bibi mpe pole ya magoti na umwambie lile swali lake la jino nimelisimulia kazini mpaka mwenzangu mmoja kapaliwa na maji.

Hili la mama wa kadi halikunipa jasho. CARD. Ndiyo kadi hiyohiyo, herufi nne, moja kwa moja kutoka kwenye orodha yako. Hata mwamuzi angelipata.

Lakini hukunijibu kuhusu kufagia. Najua mgongo si wako tena. Usiende kila Ijumaa, baba mdogo, nenda hata mara moja kwa mwezi, duka halitakimbia.

Mwanao,
Sekunde


3 Juni

Barua hii haina salamu. Utanisamehe au usinisamehe.

Jana wakati wa chakula cha mchana nilikata vipande vya karatasi nikaandika zile herufi ulizonitajia, zote, za mng'oa meno na za mama wa kadi. Nilikuwa nacheza tu. Nilitaka kuona kama nilikosa neno zuri zaidi. T mbili, O mbili, H, R, C mbili, A, D. Nikawa nazisogeza huku na huku, na kichwani ninacheka na lile kovu la utoto ulilomwambia mke wa mng'oa meno.

Halafu mkono ukasimama.

O yenye kidonda chini naijua. Nilikuwa na miaka tisa. Nyigu walijenga kiota ndani ya O ya mwisho juu ya mlango wa duka, baba akasema waache, na mimi nikawapiga kwa jiwe. Jiwe likagonga shaba. Wewe uliteremsha ile herufi, ukajaribu kuinyoosha, ukaniambia imegoma, na ukairudisha juu vilevile.

Herufi zako ni za baba. WATCH DOCTOR, Daktari wa Saa, herufi kumi na moja ulizomkatia wewe mwenyewe alipofungua duka. Nimezihesabu mara nne. Hukuitaja W hata siku moja, kwa sababu W ndiyo ya kwanza, na ungeitaja ningejua siku ileile.

Kwa hiyo umezishusha. Umenifanya nigawe kibao cha baba yangu mwenyewe kwa mikono yangu, nimefumbwa macho, huku nacheka. Mezani kwangu nimeondoa jino, nimeondoa kadi. Zimebaki W na C. Kila mtu anajua hizo mbili zinawekwa kwenye mlango gani. Usiniambie umezipeleka huko.

Duka liko wapi?


20 Agosti

Mwanangu Sekunde,

Nakusalimu hata kama wewe hukunisalimu, maana salamu si mali yangu kwamba niizuie. Bibi yako mzima. Barua yako nilimsomea yote, siku ya tatu akaniambia, "Mjibu mtoto wa watu." Ikanichukua wiki nyingi kumtii.

Duka halipo. Mwenye nyumba alikufa, watoto wake wakauza kiwanja, na aliyenunua anajenga ghorofa. Sisi wapangaji watatu tulipewa mwezi mmoja wa kuhama. Hiyo ilikuwa Novemba. Nilitoa meza ya kazi, droo za skrubu, saa ya ukutani na ile lenzi. Viko chumbani kwangu, meza nimelazimika kuisimamisha ubavu. Kibao nilikishusha mwisho. Nilipanda ngazi na bisibisi, herufi moja baada ya nyingine, watu wa chini wakinipokea. Siku ya pili ukuta ulianguka.

Siku ya mazishi nilikushika mkono mbele ya watu nikasema, "Hili duka litakukuta." Nikalifagia miaka minne, kila Ijumaa, kwa ajili ya neno hilo. Kila ukiandika kwamba unarudi mwisho wa mwaka, mimi nakwenda na ufagio. Sasa ningekwambiaje? Nilianza barua tatu. Zote zikawa na habari za magoti.

Herufi zilikaa kwenye kasha chini ya kitanda. Nikilisogeza zinagongana, na bibi yako akisikia anatoka nje. Mnunuzi wa vyuma chakavu akaanza kupita mlangoni, amesikia nina shaba. Nikamkumbuka baba yako na zile saa ambazo wenyewe hawakuzifuata. Hakuziacha kwenye droo. Aliwavalisha majirani mikononi, wewe vaa hii, na wewe hii, mpaka mwenyewe atokee, kwa sababu saa ikilala muda mrefu mafuta yanaganda ndani. Mtaa mzima ulikuwa unatembea na saa za watu. Nikasema basi herufi zake nazo zisilale, zikafanye kazi mtaa uleule. Nikataka wewe ndiye uzigawe, maana ni zako, hata kama hujui. Hapo ndipo nilipokosea. Zawadi anayoitoa mtu bila kujua si zawadi, ni kuibiwa. Nimeliona hilo ulipoliandika.

Kuhusu W na C. Mjenzi wa vyoo vya sokoni alikuja kweli. Alikuja wiki ileile barua yako ilipofika, nikamtazama kama amekutuma wewe. Nilimwambia sina. Zipo hapa, nimezifunga kwenye kitambaa. Jino na kadi nikizing'oa nitaonekana kichaa, lakini ukisema nizing'oe, nitazing'oa.

Baba yako mdogo


11 Septemba

Baba mdogo,

Shikamoo. Marahaba yako nimeisikia kabla hujaitamka. Msalimie bibi, na umwambie asante kwa kusema "mtoto wa watu", maana najua akikasirika na mimi ndipo ninapokuwa wa watu.

Using'oe kitu.

Niliisoma barua yako mara nyingi. Nilitaka kuendelea kukasirika, nikashindwa, na sababu ya kushindwa ni hii ninayoiandika sasa. Nimeikwepa miaka mitatu.

Lile duka kubwa la saa nililokuja kufanya kazi, nilikaa miezi mitano. Hakuna aliyekuwa akitengeneza saa pale. Tulibadilisha betri na mikanda. Saa ikiharibika zaidi ya hapo mteja anashauriwa anunue nyingine. Nikaondoka. Tangu hapo niko hospitali, chumba cha mafaili. Ni chumba kirefu kisicho na dirisha, rafu mpaka darini, kila faili kwa herufi ya jina la mgonjwa. Daktari akihitaji faili la mzee wa miaka tisini au la mtoto aliyezaliwa jana, mimi ndiye ninayejua liko wapi, na nalipata kabla mshale haujamaliza mzunguko. Naipenda hiyo kazi, baba mdogo. Sijawahi kulisema hilo kwa sauti. Bisibisi ya saa sijaishika miaka mitatu.

Nilikuwa sirudi. Nilijua sirudi. Ila kila nikikaa kukuandikia nakuona na ufagio Ijumaa, mgongo umepinda, unafagia kwa ajili yangu, na mkono unaandika wenyewe: mwisho wa mwaka. Kumbe wewe nawe ulikuwa unafagia kwa sababu ya barua zangu. Tumelinda duka ambalo hakuna kati yetu aliyelitaka, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Nililia nilipoliona hilo, kisha nikacheka peke yangu kati ya rafu, na mwenzangu akaja kuniuliza kama nimepata faili la mtu mcheshi.

Lile neno la mazishi nakufungulia. Umelitimiza zaidi ya ulivyoahidi.

Na W na C, mpe mjenzi wa vyoo. Nimemfikiria baba siku nzima. Mtu aliyewafunga majirani saa za watu, aliyewaacha nyigu wamalize kiota chao ndani ya kibao chake. Ungemwambia kibao chake kimeishia kwenye jino, kwenye kadi za misiba na kwenye choo cha sokoni, angecheka mpaka lenzi imtoke jichoni. Nimejaribu kumfikiria akikasirika, hakubali.

Lenzi nitunzie. Nikija Desemba nitaichukua. Nakuja kuwaona ninyi wawili, sina mlango wa kufungua, kwa hiyo safari hii niamini.

Mwanao,
Sekunde


30 Oktoba

Mwanangu Sekunde,

Bibi yako anasema nianze na magoti yake. Haya: magoti ni yaleyale. Anasema pia kwamba alijua siku nyingi hutarudi kutengeneza saa, kwa sababu kabla ya barua hii hukuwahi hata mara moja kuuliza habari ya lenzi. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Ulikuwa unapenda kufagia."

W na C zimepanda. Mjenzi alitaka kuzipaka rangi ya bluu, nikasimama mlangoni mpaka akabadilisha mawazo. Bibi yako nilimpeleka. Alizitazama, akaitazama ile safu ya watu wameshika mikebe ya maji, kisha akacheka, kicheko kile cha kukaa chini. Ilibidi muuza mboga ampe kigoda. Tangu tumzike kaka sikuwa nimekisikia kicheko hicho.

Sasa nikueleze jambo. Ijumaa ilinisumbua sana baada ya duka kuvunjwa. Saa tatu asubuhi miguu ilikuwa inasimama yenyewe, natafuta ufagio, halafu nakaa tena. Nilikaa hivyo karibu mwaka. Bibi yako akasema sasa magoti mabovu nyumbani ni jozi mbili.

Ijumaa iliyopita nilitoka. Kiingereza chako bado sikijui, lakini herufi nilizozikata mwenyewe nazijua hata gizani kwa kidole, na kibao cha kaka nakijua mpangilio wake. Nikaanzia sokoni, kwenye W. Nikashuka mpaka kwa mama wa kadi kuchukua A. Nikaenda kwa mng'oa meno kuchukua T, nikarudi juu sokoni kwa C, nikashuka tena kwa H. Nikapumzika kidogo. D iko kwa mama wa kadi, O kwa mng'oa meno, C nyingine kwa mama wa kadi, na T na O yenye jiwe lako kwa mng'oa meno. Nikamalizia kwa R. Mke wa mng'oa meno aliniuliza kama ninaumwa jino, maana nimepita hapo mara nne. Nikamwambia hapana mama, nasoma.

Zamani kuisoma ile ilikuwa kunyanyua macho tu. Siku hizi inanichukua asubuhi nzima, na nikirudi nyumbani nimetoka jasho na nina njaa. Ukija Desemba tutaisoma wote. Vaa viatu vya kutembelea.

Baba yako mdogo